Sauti ya Pili

Asubuhi ambayo Fundi Mkuu Ludoviko Kapinga alikuwa anakuja ili kituo chetu kipewe jina lake, ukungu ulishuka Kitulo mapema kuliko kawaida, nami nikafurahi. Naandika hivyo bila haya. Nilikuwa nimeungoja ukungu wa aina hiyo kwa miaka minane. Ulipofika nilikunywa vikombe viwili vya chai, nikautazama dirishani ukimeza minara ya antena mmoja baada ya mwingine.

Bupe, mwenzangu wa zamu, aliingia akiwa amejifunga khanga juu ya koti la kazi.

"Dada Sekela, baridi hii itatumaliza. Na huko ukumbini wanasema tukapange viti."

"Viti vimepangwa. Kaa tusome."

Kusoma ndiyo kazi yetu. Juu ya vichwa vyetu zinazunguka setilaiti ishirini na nne, na kila moja imebeba saa. Kila asubuhi tunaipelekea kila setilaiti jedwali jipya linalosema saa yake imekosea kiasi gani tangu jana. Mtu mmoja husoma namba kwa sauti, wa pili huirudia kisha husema "sawa." Mashine husikiliza, na isiposikia sauti mbili za watu wawili waliosajiliwa, haitumi kitu. Wa pili, au mwingine yeyote aliyesajiliwa, akiona namba haimwingii akilini anasema "simama," na namba hiyo inakufa hapohapo.

Watu wa bondeni hudhani saa ni saa tu, kwamba ukiipeleka juu itaendelea kama ilivyokuwa mezani. Haiendelei. Setilaiti inakwenda kasi, na kasi huichelewesha saa kwa sehemu saba za milioni ya sekunde kila siku. Lakini pia iko juu, ambako mvuto wa dunia ni hafifu, na huko muda wenyewe huenda mbio zaidi, sehemu arobaini na tano. Toa saba, zinabaki thelathini na nane. Ni kidogo mno, hata kope haijaanza kufunga. Ziache siku moja bila kuzigusa, na kipanga kinachotaka kushuka hapa kitadhani kipo kilomita kumi na moja kutoka mahali kilipo. Ndiyo maana saa hizo hupunguzwa mwendo kiwandani kabla ya kurushwa, ili zikifika juu ziende sambamba na za huku chini.

Kipanga ndilo jina tulilozipa ndege zisizo na rubani. Tangu barabara ya kupanda huku iende na maporomoko, kila kitu huja kwa kipanga: dawa, viazi vya mbegu, wajawazito, maiti, na wakubwa wanaokuja kusifiwa.

Tulisoma setilaiti ishirini na tatu. Bupe anasoma vizuri, hana haraka, na haoni aibu kusema "simama." Nilimfundisha mwenyewe. Tulipofika kwa setilaiti namba tisa, Tisa kama tunavyoiita, nilifunga daftari.

"Tisa tutaisoma baadaye," nikasema.

"Jedwali lake la jana linakwisha saa tatu na nusu."

"Najua."

Alinitazama, akaona uso wangu, akaweka kalamu chini. Kisha nikafungua spika za ukumbini, ambako wageni sitini walikuwa wanangoja, ili wamsikie Fundi Mkuu akiwasili. Hilo lilikuwa kwenye ratiba. Ratiba niliiandika mimi.

*

Tisa ni mtoto mtundu wa kundi. Roketi iliyoibeba ilizima mapema, ikaiacha kwenye njia yenye umbo la yai. Inapokaribia dunia hukimbia zaidi na kuzama kwenye mvuto, na saa yake huzubaa. Inapokwenda mbali hupunguza mwendo, na saa yake huchangamka. Tofauti hiyo hufika nanosekunde mia tatu sitini na sita, yaani sehemu za bilioni ya sekunde. Kwa nanosekunde moja mwanga huenda futi moja, kwa hiyo hizo ni futi mia tatu sitini na sita, urefu wa jengo la ghorofa thelathini na kitu.

Dawa yake inajulikana. Kipokezi kilichomo ndani ya kipanga kinaijua njia ya Tisa na kinapiga chenyewe hesabu ya yai. Sisi wa chini tunapeleka makosa madogo ya saa tu, kumi, kumi na tano, basi. Lakini mtu akiweka hesabu ya yai kwenye jedwali pia, inakuwa imesahihishwa mara mbili, na sahihisho la pili ni kosa kamili lenye ukubwa uleule. Penye anga wazi setilaiti nyingine zingemuumbua mwongo. Hapa kwetu milima inazificha, na kuna saa za asubuhi ambapo kipanga kinaona nne tu. Nne ndizo zinazohitajika. Hakuna ya tano ya kubisha.

Dada yangu Tusekile alikuwa sauti ya pili kwenye wiki ya kwanza ya Tisa. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na ndiye aliyenilea baada ya mama. Msomaji siku ile alikuwa Ludoviko Kapinga mwenyewe. Alisoma namba aliyoipika usiku peke yake, na Tusekile akasita. Najua alisita kwa sababu aliniambia, tukiwa tumetenganishwa na wavu wa gereza, naye ana homa. Alisema, "Fundi Mkuu, namba hii si kubwa?" Kapinga akamjibu, "Binti, unanifundisha kazi? Itikia, kipanga kinangoja."

Akaitikia. Nani angekataa? Mtu ndiye aliyeleta mashine, ndiye aliyeandika kanuni, ndiye anayekuandikia barua ya kupanda cheo. Dakika kumi na nane baadaye kipanga chenye watu kumi na mmoja kiligonga mgongo wa mlima wa Lusungo, mita mia moja na kumi chini ya njia yake.

Kwenye ripoti, kinasa sauti kilikuwa kimeharibika sehemu ya mwanzo. Kilichobaki ni sauti ya Tusekile ikirudia namba na kusema "sawa." Walimfunga miaka saba. Alimaliza mmoja na nusu, kichomi kikamchukua. Kapinga alipeleka rambirambi kwa barua iliyopigwa chapa, na jina la marehemu lilikuwa la mtu mwingine.

Nikasoma. Nikaolewa, nikachukua jina la mume, Lwanji, nikaomba kazi Kitulo. Hakuna aliyeuliza. Nilikaa kwenye kiti kilekile, nikanywea kikombe chenye ufa ambacho nadhani kilikuwa chake. Kila siku ya ukungu nilitazama orodha ya wasafiri kama mama anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani.

*

Saa nne kasoro dakika kumi redio iliita.

"Kitulo, hapa Fundi Mkuu. Kipanga kinakataa kushuka. Kinasema jedwali la Tisa limekwisha muda. Mnafanya nini huko?"

Sauti yenyewe ilikuwa nzuri, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa peke yake ndani. Husafiri peke yake daima, hapendi kubanana na watu.

"Shikamoo, Fundi Mkuu," nikasema. "Tulichelewa kidogo. Chaji yako ikoje?"

"Marahaba. Dakika kumi na sita. Fanyeni haraka."

Viwanja vingine vyote vya karibu vilikuwa chini ya ukungu uleule, na cha mbali kilihitaji dakika thelathini. Nililijua hilo kabla hajajibu.

"Kanuni ya ukungu, mzee," nikasema. "Aliyesajiliwa akiwa ndani ya kipanga, yeye ndiye sauti ya pili, maana roho ni yake. Kanuni yako mwenyewe. Nasoma, utaitikia."

"Soma."

Bupe alikuwa ameshavuta kiti karibu. Nikafungua jedwali nililolitengeneza kwa mkono wangu.

"Tisa. Saa, chanya, mia tatu sabini na nane."

Nilikuwa nimeota jambo hili kwa namna nyingi. Katika ndoto zangu zote alinyamaza. Aliitambua namba, akatoka jasho, akajua aliyekaa huku chini ni nani. Ama angeikataa, na hapo ingembidi aeleze mbele ya wageni sitini ameijuaje, ama angeikubali kwa hofu ya kueleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Chanya mia tatu sabini na nane," akasema harakaharaka. "Sawa, sawa. Tuma, binti, watu wananingoja."

Taa ya kijani ikawaka. Hakuitambua. Namba iliyoua watu kumi na mmoja, na wa kumi na mbili gerezani, ilimpita masikioni kama jina la kituo cha basi ambacho hashuki.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Sauti mbili zilikuwa zimekamilika, yangu na yake. Mashine ilikuwa radhi, sheria ilikuwa radhi, na kinasa kilikuwa na ushahidi kwamba ameitikia mwenyewe. Nilikuwa na sekunde tatu nzima, na sikubonyeza. Msinisifu. Nilijizuia kwa sababu angekufa bila kujua, akiwaza keki ya sherehe yake, na kifo cha namna hiyo kilikuwa kizuri mno kwake.

"Simama!" Bupe alipiga kelele. Taa ikawa nyekundu, namba ikafa. "Dada, mia tatu sabini na nane? Tisa haijawahi kuvuka ishirini! Hesabu ya yai imerudiwa!"

"Umemsikia?" nikamwambia Kapinga. "Ana miaka mitatu kazini. Yeye ameisikia."

"Nani huyo amesema simama? Rudieni kusoma, nitaitikia tena."

"Huwezi. Aliyeitikia namba ikakataliwa, mashine inamfungia sauti saa nzima. Hiyo nayo uliiandika wewe, mwaka ule baada ya ajali. Sasa zimebaki sauti mbili tu, yangu na ya Bupe."

Nilisikia feni za kipanga zikivuma nyuma ya pumzi yake.

"Wewe nani?"

"Sekela Lwanji. Nyumbani Mwakibete. Tusekile Mwakibete alikuwa dada yangu, tumbo moja. Spika za ukumbini ziko wazi, mzee, wageni wako wanakusikia. Nataka uwaeleze siku ile nani alisoma na nani aliitikia."

*

Alianza kwa ukali. Akasema nitafungwa, akasema huu ni utekaji, akamwita mkuu wa ulinzi kwa jina. Mkuu wa ulinzi alikuwa ukumbini na wengine, na baadaye waliniambia hakuinuka kitini. Shemeji yake alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja.

"Dakika kumi na moja," nikasema.

Kisha akabembeleza. Mimi ni mwanawe, aliniona tangu siku ya kwanza kuwa nina akili, atanipa kituo chenyewe nikitaka. Nilimwacha aseme. Nisiwafiche, nilifurahia kila neno. Nilikuwa nimeishi na sauti ya dada yangu ikiomba, sasa nilikuwa na ya kwake.

"Dada, inatosha," Bupe akanong'ona.

"Bado."

"Dakika nane," nikamwambia Kapinga.

"Mimi ndiye niliyesoma," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa imeshuka, haikuwa tena nzuri. "Alisita yule mtoto. Alisita, nikamkaripia. Yai nililihesabu mimi na vipokezi vilikuwa tayari vinalihesabu. Sikujua wakati ule, wallahi sikujua. Nilijua siku ya tatu, nilipopitia karatasi zangu."

"Siku ya tatu alikuwa hajashtakiwa."

"Ndiyo."

"Na kinasa?"

"Nilikikata mimi."

Kutoka ukumbini, chini ya sakafu yetu, ilipanda sauti ya viti vikisogezwa, halafu sauti ya mwanamke mmoja akilia kwa nguvu kama wanavyolia msibani. Nikazima spika. Nilikuwa nimepata kila kitu nilichokuja kutafuta Kitulo. Jina la dada yangu lilikuwa limesafishwa na kinywa kilekile kilicholichafua, mbele ya mashahidi sitini.

"Sasa nisomeeni," Kapinga akasema. "Zimebaki tano."

Bupe hakungoja. Alivuta jedwali la kweli, akaketi wima.

"Tisa. Saa, chanya, kumi na mbili."

Akanigeukia, akangoja niitikie.

Namba ilikuwa sahihi. Nilishaikagua alfajiri, mara mbili, kwa mazoea tu. Ilibaki kuirudia na kusema neno moja, na mdomo wangu haukufunguka.

Sikuwa nimelipanga hili. Nilipanga aibu, nilipanga hofu, na moyoni nilikuwa nimejiambia kwamba akikiri nitamshusha. Lakini alikuwa amekiri, na chuki yangu haikupungua hata chembe. Iliongezeka. Siku ya tatu! Tusekile alikuwa bado anakuja kazini siku ya tatu. Alikuwa anapika ugali nyumbani, anakula na sisi. Mtu huyu alipitia karatasi zake, akaona, akachukua mkasi. Sasa nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza si kubonyeza kitufe. Kipanga kingezunguka mpaka chaji iishe, kishuke chenyewe kwenye ukungu, na mimi ningekuwa nimekaa tu kwenye kiti changu.

"Dada, nimesoma," Bupe akasema.

Hakunisihi wala kunishika mkono. Alisema kama tunavyosemeana kila asubuhi mmoja akisinzia. Kapinga naye alikuwa ameacha kuita. Nadhani alielewa kinachoendelea chumbani kwetu, na nadhani alijua yeye katika nafasi yangu angefanya nini.

Nilimtazama Bupe. Pale kwenye kinasa palikuwa na sauti yake ikisoma, na baada yake hapakuwa na kitu. Watakuja watu wenye miwani na mafaili. Watatafuta wa kumbebesha mzigo, na mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye najua kupanga maneno. Wataikuta sauti moja ya msichana wa zamu.

Tena namba ilikuwa sahihi. Hiyo ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Sauti ya pili inaulizwa jambo moja tu, kama namba ni ya kweli. Haiulizwi aliyeko juu anastahili nini. Kapinga ndiye aliyeifanya sauti ya pili kuwa kijakazi wa mkubwa. Nikiifanya mtumwa wa hasira yangu, nitakuwa nimekaa kwenye kiti chake.

"Chanya kumi na mbili," nikasema. "Sawa."

Taa ikawa ya kijani. Bupe akabonyeza.

*

Kipanga kilitua kwa chaji ya dakika mbili. Kapinga alitoka akiwa ameshika mlango, suti imelowa mgongoni, na hakuna aliyekwenda kumpokea begi. Kibao chenye jina lake kilikuwa bado kimefunikwa kitambaa ukutani. Kiliondolewa na kitambaa chake.

Alipita karibu yangu akipelekwa, akasimama, akataka kunipa mkono. Niliuangalia mkono ule mpaka akaurudisha mwenyewe. Sikumsamehe siku ile na sijamsamehe leo. Afungwe, atoke, azeeke, mimi ni yuleyule.

Tume ilikaa mwezi mmoja. Mwenyekiti alikuwa Mama Nyambilila, mwanamke mtulivu anayeandika kwa kalamu ya wino. Ripoti ya zamani ilifutwa. Jina la Tusekile liliondolewa mahali lilipokuwa, na la Kapinga likawekwa. Siku ya mwisho aliniita peke yangu.

"Limebaki jambo moja, mwanangu. Kwenye kinasa, mwenzako anasoma, kisha zinapita sekunde arobaini kabla hujaitikia." Alinisogezea karatasi ya maelezo. "Ulikuwa unahakiki namba. Ndivyo ilivyokuwa, siyo? Andika hivyo, tufunge faili, uendelee na kazi yako."

Alikuwa ananipa njia, na alifanya hivyo kwa upole. Bupe alikuwa amekwisha kuandika hivyohivyo upande wake, ili kunilinda. Nikachukua kalamu.

Nikaandika: Sikuwa nahakiki. Nilijua namba ni sahihi tangu alipoisoma. Katika sekunde hizo arobaini nilimuua Ludoviko Kapinga. Nilimuua polepole, nikaona kipanga kimelala ubavu kwenye majani ya Lusungo na mlango umefunguka, na nilifurahi. Nilipomaliza, nikasema sawa.

Mama Nyambilila alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Hii itakufukuzisha kazi. Huenda ikakufikisha mahakamani."

"Najua, mama."

"Hakuna aliyekuwa anaijua isipokuwa wewe. Nikupe karatasi nyingine?"

"Hapana," nikasema. "Sauti ya dada yangu walikata sehemu waliyotaka, wakaacha waliyotaka. Yangu isomeni yote."